Sadaka Mbili za Salima

Miezi minne baada ya kumzika mkewe Salima, Hadji Amuri Fikiri aliuza vitenge vya mwisho vilivyobaki dukani kwake Nyamugo, akawaita watu wa mashine wamchimbie kisima mbele ya nyumba yake huko Kasha. Walitoboa siku sita. Mwanzo ulitoka udongo mwekundu, kisha unga mweusi wa mawe, na siku ya sita, kwenye mita thelathini, maji yakaruka. Hadji alisimama kando, kanzu imemganda mwilini kwa kulowa, akasema, "Mama Nyota, haya ni yako." Hakuna aliyemsikia, maana mashine ilikuwa bado inanguruma.

Kasha iko pembeni mwa Bukavu, nusu mji nusu shamba, na bomba la mji hufika huko siku likipenda. Habari ya kisima ikaenea upesi. Hadji aliweka sharti moja tu: achote yeyote, wa dini yoyote, bure. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa sadaka inayoendelea. Kila kiumbe anayekunywa maji yaliyochimbwa kwa ajili ya maiti, thawabu humfikia maiti huko aliko. Basi kila alfajiri pampu ilipoanza kulia, kweche-kweche, yeye alijua kuna kitu kinamwendea Salima.

Wiki za kwanza maji yalikuwa na ladha ya kutu. Chai iligeuka nyeusi kama wino, na mashati meupe ya shule yakatoka na madoa ya manjano. Watu walinung'unika. Lakini kadiri walivyozidi kupampu wekundu ulipungua, na ilipofika kiangazi maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba uliweza kuona mistari ya kiganja chako chini ya ndoo. Hapo sifa zikaanza. "Mungu amubariki Maman Salima," walisema akina mama wakijitwisha bidoni za maji, hata wale ambao hawakuwahi kumtia Salima machoni.

Hadji aliitikia "Amina" kutoka barazani, na mazungumzo yakaishia hapo. Si kwamba alikuwa mtu wa kiburi. Ukoo wao ulitoka Ujiji, ukavuka ziwa na babu yake, ukakaa Uvira, kisha Bukavu, na popote ulipokwenda ulibeba Kiswahili chake kama watu wanavyobeba sufuria nzuri. Baba yake aliwahi kumnyima chakula cha mchana kwa kusema "mutoto". Kasha nzima ilisema mutoto, na Hadji hakuona ubaya. Aliwaelewa, nao walimwelewa. Ila kulikuwa na maneno mengine, ya jikoni, ya utani, ya kumsuta mtu aliyechelewa kuamka, maneno ambayo kwa miaka arobaini na minne aliyasema na Salima peke yake. Sasa yalikuwa yamekaa kinywani bila kazi. Binti yao wa pekee, Nyota, aliishi Lubumbashi na alisema Kifaransa na wanawe. Alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Zilikuwa simu fupi, za upendo, zenye kelele za watoto nyuma.

Kwa hiyo pampu ilipolia, nyumba ilikuwa na watu. Iliponyamaza saa nne, wote walipokwisha kwenda zao, Hadji alisikia saa ya ukutani ikigonga kutoka chumba cha tatu.

Mambo yalibadilika asubuhi moja ya Novemba. Faida, jirani wa nyumba ya pili, alikuja mikono mitupu. Alikuwa mwanamke mdogo ambaye mumewe alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu na bado hajarudi. Alikuwa amejifungua miezi miwili iliyopita, homa ya uzazi ikamkausha maziwa, na mtoto akawa analelewa kwa maziwa ya unga.

"Papa Hadji," alisema akiwa bado kwenye lango, "mutoto iko ku hopitali."

"Amepatwa na nini?"

"Midomo iligeuka buluu. Na vidole pia. Nikafikiri ni baridi, nikamufunika, lakini iliendelea tu. Daktari ananiuliza, ni maji gani unachanganyaka na maziwa? Nikamwambia ni ya hapa kwako."

Hadji aliinuka kitini. "Maji ya Salima yana nini?"

"Sijuwe, papa. Mimi nayachemshaka. Nayachemshaka sana, mpaka yanabaki kidogo." Akaitazama pampu. "Daktari amesema batu ba université batakuya kupima."

Hadji hakujua aseme nini, na kwa kuwa hakujua, alisema neno baya. Alisema, "Tafuta sababu kwingine." Faida alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakumtarajia, akageuka akaenda. Siku ya tatu Hadji alisikia kwa wengine kwamba mtoto amepona. Walimtia dawa mshipani na rangi ikamrudi. Alishukuru Mungu. Lakini lile neno lilikwisha kutoka, nalo halikuwa na dawa ya mshipani.

Mpimaji alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, jina lake Élodie, mwalimu msaidizi wa elimu ya miamba chuo kikuu. Alikuja na sanduku la chupa, nyundo kiunoni na buti zenye matope. Alipampu maji yakamwagika muda mrefu, ndipo akajaza chupa zake. Kisha akakipa kisima mgongo na kutazama juu, mlimani.

"Papa Hadji, kule juu kuliporomoka lini?"

"Mwaka wa sita huu. Mvua za Aprili."

Ulikuwa mporomoko mkubwa, ingawa haukuua mtu. Sehemu ya juu ya kiwanja cha Hadji, yote iliyokuwa na migomba, iliteleza ikaenda bondeni, ikaacha kovu la mawe. Hakuna ambaye angethubutu kujenga pale. Salima, aliyekuwa hai na mwenye nguvu zake wakati huo, alipanda hadi kwenye kovu lile na mwanamke mmoja anayeitwa Francine na wenzake tisa, wote wamekimbia vita upande wa Bunyakiri, akawaambia walime. Aliporudi alimwambia mumewe, "Ardhi inayokataa nyumba haikatai kabichi." Wanawake wale walirundika udongo kidogo kidogo kati ya mawe. Walipandisha magunia ya mavi ya kuku kutoka mabanda ya mjini, wakaongeza mbolea nyeupe ya dukani kila walipoipata, na kabichi zao zikawa kubwa kama vichwa vya ng'ombe.

Élodie alipanda akakaa huko saa nzima. Aliporudi aliomba wenye watoto wachanga wasichote kwa sasa.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja. Alikataa kuyasema akiwa amesimama. Alikaa barazani, akakubali chai, kisha akafungua karatasi.

"Kuna kitu inaitwa nitrati, papa. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kipimo haipashwe kupita makumi tano. Yako iko mia moja makumi ine na sita."

"Mia moja arobaini na sita? Inatoka wapi?"

"Mu mbolea. Mu mavi ya banyama. Mutu mukubwa anaweza kuikunywa, haimufanye kitu upesi. Lakini mutoto mudogo, ile inaharibu damu yake, damu inashindwa kubeba hewa. Njo maana midomo inakuwa buluu."

"Alichemsha," Hadji alisema. "Faida aliyachemsha."

Élodie alitikisa kichwa polepole. "Kuchemsha kunaua vijidudu. Nitrati haife. Maji yanaenda na moshi, yenyewe inabaki mu sufuria. Ukichemsha sana, inakuwa kali zaidi."

Mpaka yanabaki kidogo. Hadji aliyakumbuka maneno hayo akaweka kikombe chini.

"Na ule wekundu wa mwanzo? Watu walilalamika wee."

"Ule ulikuwa chuma ya mawe. Haukuwa na ubaya. Batu banaogopaka kitu yenye kuonekana."

Hadji alijaribu kubisha. Alisema bustani iko mbali, na chini ya ardhi ni mwamba mtupu. Yeye mwenyewe aliwaona wanaume wakiutoboa siku nzima kwa mashine. Élodie akatoa jiwe jeusi mfukoni, akaligeuza mbele yake. Lilikuwa limepasuka nyufa nyembamba kila upande. Akamweleza kwamba milima hii ilimwagika zamani kama uji wa moto, na uji ule ulipopoa ulipasuka hivyo, toka juu mpaka chini. Mahali palipo na udongo mwekundu mnene juu yake, maji huteremka polepole, na vitu vingi hukwama njiani. Lakini kule kwenye kovu udongo wote ulikwenda na mporomoko. Mbolea ikinyeshewa, inaingia katika ufa, na ufa unajua njia ya kisimani.

"Una hakika?"

"Hapana, papa. Nina mawazo tu. Kama unakubali, tutauliza chumvi."

Wakanunua magunia mawili ya chumvi, wakayakoroga kwenye pipa la maji, wakalimwaga pale juu kando ya rundo la mavi, Francine na wenzake wakitazama bila kuelewa. Kisha Élodie akaanza kuja kila siku, asubuhi na alasiri, na kifaa kidogo chenye kioo. Kilipima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikifika kisimani, alisema, namba itaruka.

Siku ya kwanza namba haikuruka. Ilikuwa saa sita mchana na mvua ilikuwa inanyesha, na Hadji akaona ni aibu kumwacha mgeni akae na njaa. Alipika pilau. Hakuwa amepika pilau tangu msiba, na bizari aliikuta imeshikana mabonge. Élodie alikula sahani mbili, akauliza ni nani alimfundisha. Hadji akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi mama yake Salima alivyokataa posa mara mbili, jinsi boti ilivyowaharibikia karibu na Baraka siku ya harusi, jinsi Salima alivyoimba mpaka mafundi wakaitengeneza kwa hasira. Élodie alicheka. Alipokosa neno aliuliza, na Hadji alimfasiria, na kila neno alilolifasiria alilisikia likizunguka chumbani kama kitu kilichofunguliwa kutoka sandukuni.

Siku ya pili namba haikuruka. Alipika samaki wa mukunga na ndizi.

Siku ya tatu aliamka kabla ya adhana kwenye simu yake kulia, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Élodie alipochelewa, alisimama langoni. Alipokuja na kutumbukiza kifaa ndani ya ndoo, Hadji aliinama kuitazama namba. Alikuwa akiomba chumvi isifike. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Yeyote mwenye kisima angeomba hivyo. Lakini alipojichunguza vizuri, kwa ukweli ambao mzee huidai nafsi yake akiwa peke yake, aliona kwamba hakuwa akiombea maji. Alitaka tu chumvi ichelewe. Hata wiki. Hata mwezi. Aliona haya akaingia ndani.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, namba iliruka. Élodie akabadilisha ndoo, akapima tena, ikazidi kupanda. Hakushangilia. Alifunga kitabu chake cha maandishi, akasema, "Pole, papa," akakataa chakula kwa sababu alikuwa na darasa. Hadji alibaki na sufuria ya wali wa nazi aliyoiandaa tangu alfajiri.

Alasiri hiyo hiyo alichukua spana, akaufungua mkono wa pampu na kuuweka chini ya kitanda chake. Kesho yake foleni ilikuja kama kawaida. Alisimama mbele yao, akawaeleza kadiri alivyoelewa: chumvi, nyufa, mbolea, damu ya watoto. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja akauliza, "Lakini maji iko safi, papa, si unayaona?" Mwingine akasema watu wazima wote wa pale wamekunywa mwaka mzima na hakuna aliyekufa. Hadji akasema hawezi kuacha pampu wazi asubuhi halafu mama mwenye mtoto mchanga achote jioni. Wakaondoka, bidoni zikigongana, kuelekea chemchemi ya bondeni ambayo ni mwendo wa dakika arobaini kwenda, na kurudi ni kupanda.

Wiki haikuisha kabla ya maneno kumfikia. Kwamba Hadji amefunga maji kwa kuwa wengi wao si Waislamu. Kwamba anangojea kuyauza. Mtu alitupa bidoni iliyopasuka langoni mwake. Hadji aliiokota akaiweka kando ya ukuta, akakaa barazani. Hakuna aliyepita. Faida alipita mara moja, mtoto mgongoni, kwa njia ya upande wa pili.

"Faida!" aliita. "Mtoto hajambo?"

"Iko salama, papa," Faida alijibu bila kusimama.

Hadji alitaka kumwomba radhi kwa lile neno, lakini radhi haipigiwi kelele kuvuka barabara. Alijiambia kesho atakwenda nyumbani kwake. Kesho yake alivaa kanzu, akafika mlangoni, akakuta umefungwa. Alibisha mara tatu. Alisikia mtoto ndani akilia, kisha akinyamazishwa.

Jumamosi alipanda kwenye kovu. Alikuwa na miaka sabini na sita, na njia ilikuwa na utelezi. Alipumzika mara nne. Francine alikuwa akipalilia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye umri wa kama hamsini, na alipomwona mzee alitandika gunia juu ya jiwe ili akae.

"Mama Francine," Hadji alianza, "unajua kilichonileta."

"Najua. Yule binti wa chumvi alituambia." Francine aliendelea kusimama. "Papa Hadji, Maman Salima njo alitupatia hapa. Alikuya na miguu yake, akakanyaga, akasema: mulime. Sasa anatufukuza akiwa ku kaburi?"

Hadji alitazama kabichi zilizojipanga kati ya mawe, na rundo la mavi likifuka mvuke baada ya mvua, na paa la nyumba yake chini kabisa, na kiduara cha saruji cha kisima. Kutoka hapa aliona kile ambacho hakukiona akiwa chini: kwamba sadaka zote mbili zilikuwa za Salima. Moja aliitoa kwa mkono wake akiwa hai. Nyingine ilitolewa kwa ajili yake. Na ile ya juu ilikuwa inaitia sumu ile ya chini.

"Bila mavi, hapa hapatoki kitu?" aliuliza.

"Ni mawe, papa. Bila mavi ni mawe tu."

Alishuka. Chini ya nyumba yake, upande wa pili wa kisima, kulikuwa na kiwanja kimoja tambarare ambacho hakikuguswa na mporomoko, chenye udongo mwekundu mnene ambao ukichimba futi kumi hujauona mwisho wake. Kilikuwa cha Nyota. Mwaka alioolewa, Hadji na Salima walimwekea mawe ya msingi, vyumba vitatu na sebule, ili siku akirudi Bukavu asihangaike. Nyasi zilikuwa zimefunika mawe yale, lakini Hadji aliyajua moja moja yalipo. Élodie alipomjibu kwenye simu, alithibitisha: pale mbolea haitafika kisimani, kwa sababu maji yanateremka, hayapandi, na udongo ule unashika vitu.

Ijumaa simu ililia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Nyota, nina neno. Kile kiwanja chako."

"Kiwanja gani?"

"Cha nyumba yako. Tulichoweka msingi, mimi na mama yako."

"Ah." Nyuma yake mtoto alikuwa akiuliza kitu kwa Kifaransa. Nyota alimnyamazisha, akarudi na sauti nyingine, ya chini. "Baba, mimi sirudi Bukavu. Nilidhani unajua."

"Najua," Hadji alisema. Na alipolisema aliona kuwa ni kweli, kwamba alijua tangu miaka mingi, kwamba Salima pia alijua, na kwamba walikuwa wakifyeka nyasi kwenye msingi ule kila Desemba bila hata mmoja kumwambia mwenzake. "Nilitaka tu kuomba ruhusa niwape wengine walime."

"Wape, Baba. Mimi ni nani wa kukuruhusu?" Kisha akasema, "Njoo ukae na sisi. Mara ngapi nimekwambia? Utakaa peke yako huko mpaka lini?"

"Nitaangalia," alisema Hadji, nao wakaagana.

Francine na wenzake walihama kovu mwezi wa Januari. Walibeba rundo la mavi lote kwa magunia, siku mbili, wakipita kando ya nyumba mmoja nyuma ya mwenzake. Mawe ya msingi waliyang'oa wakayapanga kuzuia udongo. Kule juu wakapanda nyasi za kulisha ng'ombe na miti michanga ambayo Élodie aliileta. Yeye ndiye aliyewaambia pia wamwagilie mashamba mapya kwa maji ya kisima: ile nitrati inayoua damu ya mtoto ni chakula cha kabichi, na kadiri wanavyoivuta juu ndivyo itakavyopungua chini. Hadji akautoa mkono wa pampu chini ya kitanda, akaurudisha mahali pake na kuufunga kwa kufuli, akampa Francine ufunguo. Juu ya saruji akaandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake: SI YA KUNYWA. MTOTO ASIPEWE.

Pampu ikalia tena, lakini kwa namna nyingine. Wanawake walikuja alasiri, wakazungumza Kitembo chao, wakacheka mambo ambayo Hadji hakuyafahamu. Walimsalimia kwa adabu wakifika na kumuaga wakiondoka. Hakuna aliyemtaja Salima, maana hakuna anayebariki maji ya kumwagilia. Aliwahi kumuuliza sheikh wa msikiti kama kabichi huandikiwa thawabu. Sheikh akamjibu kwamba ndege au mtu au mnyama akila kilichopandwa, ni sadaka. Hadji alirudi nyumbani akiwa amefarijika nusu.

Nusu nyingine aliijaza mwenyewe. Kila asubuhi, kabla Francine hajafika, alichukua bilauri kutoka kwenye ndoo iliyobaki jana, akakaa barazani akanywa polepole hadi ikaisha. Élodie alikuwa amesema mtu mzima haimdhuru upesi. Alikuwa mtu mmoja, kiumbe mmoja, naye alikunywa.

Mwezi wa Agosti Élodie alikuja kuaga. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, miaka minne. Alipima mara ya mwisho. Mia moja ishirini na nane.

"Imeshuka, papa."

"Itachukua muda gani?"

"Mawe yamejaa, yanaachilia polepole. Miaka tano. Labda saba."

Hadji alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hana haja ya kukinunua. Élodie akamfundisha namna ya kuchukua kipimo: acha maji yamwagike dakika kumi, suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, jaza mpaka juu kabisa, hewa isibaki, andika tarehe, ipeleke labo, maabara ya chuo, kabla ya saa sita. Alimfanya arudie mara mbili. Kisha akamshika mikono yote miwili kwa muda mrefu kuliko desturi, akapanda pikipiki akaenda.

Mwezi wa Septemba, siku ya kupima, Hadji aliomba ufunguo kwa Francine, akasimama kisimani peke yake. Mkono wa pampu ulikuwa mzito, na baada ya dakika tatu mabega yalikuwa yanamtetemeka. Francine alimwona kutoka shambani. Alipanda, akamwondoa kwa upole, akapampu hadi dakika kumi zikatimia. Maji yalimiminika kwenye saruji, maangavu, yakatiririka kuelekea kwenye vitunguu. Hadji akasuuza chupa mara tatu, akaijaza, akaigeuza kutafuta kipovu cha hewa. Hakikuwepo.

"Unaenda kufika huko chuo na miguu?" Francine aliuliza.

"Nitapata pikipiki barabarani."

"Nikupelekee?"

"Hapana, mama. Acha niende mimi."

Akaifunga chupa ndani ya kitambaa, akaiweka kwenye mfuko wa kanzu, akatoka langoni. Jua lilikuwa limeshapanda, na saa sita ilikuwa haimngojei mtu.